Askari wa Pembeni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, mbele ya saluni ya Kinyozi, chini ya bati linalovuja mahali pamoja tu. Hapo ndipo huketishwa wageni. Mbele ya benchi kuna kreti la soda lililopinduliwa, juu yake ubao wa sataranji, na kando ya ubao chupa ya kahawa iliyopoteza kifuniko, ikazibwa kwa kitambaa. Kete zenyewe zina mapengo. Malkia mweusi ni kizibo cha chupa ya marashi, na farasi mmoja mweupe ni kipande cha chaki ambacho kila kikisogea huacha nyayo. Wenye kijiwe ni wanne. Kinyozi ndiye mwenye nyumba. Wakili hajawahi kuwa wakili; alikuwa mpiga chapa wa mahakama, akastaafu na maneno ya watu wote aliowachapia. Daktari anatibu simu kwenye kibanda cha mlango wa pili, na ndiye kijana kuliko wote. Wa nne ni Mpimaji, mpima ardhi mstaafu, msomi wa chuo kikuu, mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa. Alifiwa na mkewe msimu wa mvua uliopita.

Kijiwe hiki kina sheria moja, na ni Wakili aliyeitunga. Aliyeshindwa hanyanyuki mpaka afukue. Maana yake, anarudisha kete nyuma, hatua kwa hatua, mpaka afike pale alipokosea, aweke kidole, aseme mbele ya watu wote: “Hapa ndipo nilipofia.” Sheria nzuri, yenye faida kwa mtu anayetaka kujifunza. Tatizo ni moja: tangu itungwe hakuna aliyewahi kufia mikononi mwake mwenyewe. Kinyozi hufa kwa sababu ya mteja aliyemwita. Wakili hufa kwa jua la machoni. Daktari, siku aliposhindwa vibaya, alifukua karibu mchezo mzima, kisha akaweka kidole kwenye kreti.

Mpimaji hakuwa anafukua kabisa. Akishindwa alikusanya kete, akazipanga sandukuni, akaaga. Wenzake walimwachia. Nani angemwambia mtu aliyetoka kuzika, “Bwana, kaa ufukue”?

Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja. Jumamosi kijiwe kingepambana na Kijiwe cha Matairi, wale waziba pancha wa ng’ambo ya barabara, na Mpimaji ndiye aliyepangwa ubao wa kwanza. Na Mpimaji, tangu arudi kutoka msibani, alikuwa hajashinda hata mchezo mmoja. Jioni moja ya wiki hiyo Daktari alimshushia ngome mpaka mstari wa mwisho, akaigonga kama mhuri.

– Cheki. Na hakuna pa kwenda, mzee wangu. Pole.

Mpimaji alitazama. Mfalme wake alikuwa amejibanza kona ya kushoto, nyuma ya askari wake watatu, kama mtu aliyejifungia ndani akapoteza ufunguo. Akanyoosha mkono kuchukua sanduku la kete.

– Hapana, – alisema Wakili, akaliweka sanduku chini ya makalio yake na kulikalia. – Leo hapana. Heshima tumekupa, na tutaendelea kukupa, ila si hii. Jumamosi hatuendi msibani, tunaenda vitani.

– Wakili, mwache mzee, – alisema Daktari.

– Simwachi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Inaingiaje hapo?

– Inaingia. Wewe hukusoma.

Kinyozi alitoka saluni na mkasi mkononi, akiwa amemwacha mteja wake nusu kichwa.

– Mimi nasema ukweli, mzee, usinichukie. Shida si mwisho wa mchezo. Shida ni mwanzo. Huyu! – Akamgusa kwa ncha ya mkasi askari mweupe wa pembeni kabisa, mkono wa kulia, aliyesimama hatua mbili mbele ya nyumba yake. – Kila mchezo unaanza na huyu. Watu wanaanza katikati, wewe unaanza pembeni. Huyu ni jogoo wa shamba, hawiki mjini.

– Na wewe je? – Daktari alimgeukia. – Wewe si unasogeza wa pembeni wote wawili, huyu na yule?

– Mimi nina sababu. Unaanza pembeni zote mbili, unaziweka sawa, ndipo unaingia katikati. Ni mtindo. Unaitwa Kuchonga Pembeni.

– Umeshinda mara ngapi kwa Kuchonga Pembeni?

– Mtindo mzuri hauangaliwi ushindi. Unaangaliwa kwenye kioo.

Mpimaji hakucheka, ingawa zamani angecheka. Alikuwa anamwangalia askari yule wa pembeni. Hakuna aliyejua pale, na yeye hakuwa amesema, kwamba mwanzo ule haukuwa wake. Ulikuwa wa mkewe. Kila baada ya chakula, vyombo vikishaoshwa, walikaa barazani na ubao katikati yao, na mama watoto alianza hivyo: askari wa pembeni, mkono wa kulia, hatua mbili, kisha akaegemea kiti kama aliyemaliza kazi. Siku ya kwanza Mpimaji kurudi kijiweni baada ya mazishi, mkono ulikwenda kwa askari yule bila kumwuliza. Kesho yake ukaenda tena. Nguo za mkewe dada zake walishagawana. Kitanda kilishahamishwa. Kilichobaki, chake mwenyewe, chenye kutembea, ni ile hatua.

– Mimi nataka azimio, – alisema Wakili. – Mpimaji aache askari wa pembeni, aanze katikati kama binadamu. Akikataa, ubao wa kwanza anacheza Daktari.

– Kwanza tujue kwa nini anaanza hivyo, – alisema Daktari. – Mtu haachishwi kitu bila kupimwa. Mimi nimeshamweka kwenye simu.

– Nani?

– Askari. Nina programu humu, inacheza kuliko binadamu yeyote. Nikaiwekea ile hatua ya mzee, nikaiambia, piga hesabu. Simu ikanyamaza. Ikapata moto. Nikaiweka kwenye maji... nje ya maji, kwenye beseni lenye maji, juu ya sahani. Ikajizima.

– Ikasema nini kabla ya kujizima?

– Ndiyo hivyo, haikusema. Programu inajua michezo yote ya dunia, halafu mzee anasogeza askari mmoja, inazimia! Sasa jiulize: wenye hizo programu hawataki tujue nini?

– Simu yenyewe ilikuwa na betri lililovimba, – alisema Kinyozi. – Ulinionyesha mwenyewe asubuhi.

– Lilivimba kwa sababu gani? – aliuliza Daktari, na akajimiminia kahawa kama mtu aliyeshinda hoja.

Wakili alikohoa kikohozi cha mahakamani.

– Nyote mnapapasa. Jambo lenyewe ni la kisheria. Ukianza katikati umetoa madai, lazima uyathibitishe. Ukianza pembeni hujadai kitu. Umeingia mahakamani, umesalimia, umekaa. Mzigo wa ushahidi unabaki kwa mwenzako. Mweusi ndiye analazimika kusema amekuja kutafuta nini.

– Halafu? – aliuliza Daktari.

– Halafu mweusi anasema.

– Na mzee anashindwa.

– Anashindwa, ila hana hatia.

– Mimi naona ni kazi yake tu, – alisema Kinyozi, akirudi nusu ndani kumkata mteja mara moja, kisha akatoka tena. – Mpima ardhi akifika shambani anafanya nini kwanza? Anapanda jiwe la mpaka. Pembeni! Huyu hachezi, anapima. Anatuambia, kutoka hapa mpaka pale ni kwangu.

– Basi angepanda mawe manne, – alisema Daktari.

– Hajamaliza. Kila akifika jiwe la pili mnamwua.

Mteja aliita kutoka ndani kwamba sikio lake moja linaona baridi. Kinyozi alimjibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye Kinyozi ameshazikata za mtaa mzima, kwa hiyo anayozungumza hapa nje si ya kubahatisha.

Wakati huo alifika dada mmoja mwenye mkoba wa kijani. Alikuwa amempelekea Daktari simu yake tangu mchana, akaambiwa dakika tano.

– Kaka, simu yangu iko tayari?

– Dakika tano, dada yangu. Inapoa. Karibu kahawa, kaa hapo.

Dada alikaa mahali pa wageni. Tone la maji yaliyobaki batini likamdondokea begani. Akasogea kidogo, akatulia. Wakili alimmiminia kahawa bila kumtazama, maana wazo lilikuwa limemjia, na wazo la Wakili likija halipigi hodi.

– Subirini. Jumatano. Jumatano Mpimaji alionekana wapi?

Aliwatazama mmoja mmoja, akajijibu mwenyewe.

– Alionekana kwa Matairi! Nimemwona kwa macho yangu, amekaa kwenye ringi la lori, anaongea na yule mnene wao, wa ubao wa kwanza. Na mikono wanapeana.

– Nilikwenda kuziba pancha, – alisema Mpimaji. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mchezo uishe.

– Pancha ya nini? Huna gari.

– Toroli.

– Toroli! – Wakili aliwageukia wenzake kama mahakama imejaa. – Mstaafu, hana shamba, hana ujenzi, anasukuma toroli mpaka kwa maadui siku tatu kabla ya vita. Mimi sitasema neno “kununuliwa”. Mimi nitasema tu, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu anashindwa kila siku kwa hatua ile ile, anakataa kufukua, halafu anapeana mikono na mnene. Wewe Kinyozi ungesemaje?

– Ningesema... – Kinyozi alimtazama Mpimaji, kisha mkasi wake. – Ningesema labda ni mbinu. Anashindwa makusudi ili Matairi wamdharau.

– Mbinu ya nani? Yetu au yao?

– Wakili, sasa umevuka, – alisema Daktari.

– Nimeuliza tu! Kuuliza si ujinga. Toroli ni la nani, la nini?

Mpimaji alikuwa na njia ya kukasirika isiyoonekana kwa mtu: aliweka mikono miwili juu ya magoti, sambamba, kama vyombo vya kazi.

– Ni la mama watoto, – alisema. – Alikuwa anabebea mbolea, kwenye maua yake. Tairi lilikuwa limelala tangu alipolazwa. Nikaona si vizuri lilale.

Ndani ya saluni mteja aliacha kulalamikia sikio lake. Wakili alikamata kikombe chake kwa mikono miwili, akakinywa, na kilikuwa kitupu.

– Na huyu askari wa pembeni pia ni wake, – Mpimaji aliendelea, kwa sauti ile ile ya kusoma vipimo. – Yeye ndiye aliyekuwa anaanza hivi. Mkipiga kura niache, sawa, Jumamosi acheze Daktari. Mimi siwezi kuanza kwa mwingine. Nimejaribu nyumbani. Mkono haukubali.

– Mzee, – alisema Wakili polepole, – mimi ni mpumbavu.

– Hilo halihitaji azimio, – alisema Kinyozi, lakini bila furaha.

Ingekuwa siku nyingine mtu angeleta habari ya mpira wakaponea hapo. Ila dada mwenye mkoba wa kijani alikuwa mgeni, hakujua kwamba hapo watu hunyamaza, na muda wote ule alikuwa anautazama ubao, kwa kuwa simu ya kutazama hakuwa nayo.

– Samahani, baba zangu, mimi mchezo huu siujui. Mfalme ndiye huyu mwenye msalaba?

– Ndiye, – alisema Daktari.

– Naye amekufa kwa kuwa huku kote kumefungwa?

– Ndivyo. Ngome yangu imeingia mstari wake, mbele yake askari wake mwenyewe wamemzibia. Hana pa kutokea.

– Sasa kule, – dada alionyesha kwa kikombe, kulia, nyuma ya askari wa pembeni, – si kuna nafasi? Yule alishatoka, pakabaki wazi. Kwa nini mfalme hakukaa upande ule wenye uwazi?

Kinyozi alifungua mdomo. Wakili alifungua mdomo. Kwa jinsi walivyofanana ungedhani wanaimba. Daktari aliitazama simu yake, akakumbuka kwamba imezima.

– Upande ule... – alianza Wakili. – Wahenga walisema, usipoziba ufa...

– Nyamaza kidogo, – alisema Mpimaji.

Hakusema kwa ukali. Aliinama juu ya ubao, akaanza kurudisha kete. Ngome ya Daktari ikarudi ilikotoka. Farasi wa chaki akarudi, akifuata nyayo zake mwenyewe. Waliokufa wakafufuliwa mmoja mmoja na kusimamishwa mahali pao, bila kubahatisha, kwa maana mtu huyu alikuwa ameukumbuka kila mchezo aliokataa kuufukua. Kijiwe kikasogea. Hata mteja akatoka na shuka la saluni shingoni, nusu amenyolewa, nusu bado.

Mpimaji akafika ile hatua ya kumhamisha mfalme, pale mfalme anapoondoka katikati kwenda kujificha pembeni, na ngome inamruka na kumlinda. Mfalme anaweza kwenda kushoto au kulia. Yeye alikuwa amempeleka kushoto. Kila mchezo, tangu arudi kutoka msibani, alikuwa amempeleka kushoto, maana vitabu vinasema hivyo, na yeye ni mtu wa vitabu: upande uliosogezwa askari ni upande uliobomoka, mfalme asikae hapo.

Na mkewe alikuwa anampeleka kulia. Kila siku. Mpimaji alimwambia mara nyingi, Mama, hapo ukuta umeubomoa mwenyewe. Mkewe alisema, Haya, na akampeleka kulia. Na siku zote wakati ngome ya Mpimaji iliposhuka mpaka mstari wa mwisho, akaigonga kwa furaha, mfalme wa mkewe alichepuka hatua moja kwenye ule uwazi na kukaa zake, na mchezo ukaendelea, na mara nyingi uliishia kwa yeye Mpimaji kusema kwamba alikuwa amechoka.

Akamwona mkewe mawazoni, akiingia chumbani. Chumba chochote, hata cha hospitali. Kabla ya kuweka mkoba, kabla ya salamu, alikwenda kwanza kufungua dirisha. Vumbi, Mama, alikuwa akimwambia. Acha hewa iingie, akasema, ndipo akasalimia waliomo.

Mpimaji alimwinua mfalme kutoka kona ya kushoto, akamrudisha katikati. Akaweka kidole kwenye mraba ule.

– Hapa ndipo nilipofia, – alisema.

Kijiwe kilishtuka. Sheria ile ilikuwa na umri wa kutosha, lakini maneno yenyewe hakuna aliyewahi kuyasikia yakisemwa na mtu aliyeyakusudia. Kinyozi alitazama pembeni kama aliyemfumania mtu akioga.

– Nilichukua mwanzo wake, – Mpimaji alisema, – halafu nikaendelea na wangu. Yeye alikuwa anafungua ili apatumie. Mimi nafungua, halafu nampeleka mfalme chumba cha pili, ninamfungia.

– Sasa, – alisema Wakili, ambaye aibu kwake haikai muda mrefu, – ndicho nilichokuwa nasema mimi tangu mwanzo. Mzigo wa ushahidi...

– Wakili, – alisema Daktari, – inuka kwenye sanduku.

– Ya nini? Kete zote ziko hapa mezani!

– Basi inuka tu.

Wakili aliinuka. Mpimaji alizipanga kete upya, nyeupe upande wake. Hakumtazama mtu. Alisogeza askari wa pembeni, mkono wa kulia, hatua mbili, na safari hii alifanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu arudi: aliegemea nyuma, kama aliyemaliza kazi.

– Na azimio? – aliuliza Kinyozi kwa sauti ndogo. – Jumamosi?

– Azimio lipo mezani, – alisema Wakili. – Tunasikiliza shahidi.

Daktari alicheza kwa nguvu zake zote, kwa kuwa kumwonea huruma mtu kwenye ubao ni kumtukana. Alishambulia katikati, akala farasi wa chaki, akapiga chafya. Mpimaji alipofika hatua ya kumhamisha mfalme, mkono wake ulisita juu ya mraba. Akampeleka kulia. Mteja mwenye nusu ya nywele akavuta pumzi, ingawa na yeye mchezo hakuujua.

– Amemweka ukuta ulipobomoka, – Kinyozi alinong’ona.

– Nyamaza, mkate mwenzio nywele, – alisema Wakili.

– Nitamkata wapi, hakai!

Dada alisogea kutoka mahali panapovuja, akabanana na Wakili, ambaye alimpisha bila kujua. Hakuna aliyeuliza tena habari ya simu. Kinyozi aliinamisha chupa juu ya kikombe chake. Yakatoka matone mawili na machicha. Akaitikisa, akaiweka chini. Siku zote kahawa ikiisha watu huondoka. Hakuna aliyeondoka.

Daktari aliona nafasi. Ngome yake ilikuwa imepata njia nyeupe, ndefu, isiyo na mtu, mpaka mstari wa mwisho wa Mpimaji. Akaishika. Akaitelezesha mpaka chini, akaigonga kama mhuri.

– Cheki.

Wakili alifumba macho.

Mpimaji hakuharakisha. Alimshika mfalme kwa vidole viwili, akamchepusha hatua moja, akamweka pale nyuma ya askari wa pembeni, kwenye ule uwazi. Akaondoa mkono.

– Zamu yako, – alisema.